Sikufunua Kiti cha Nyuma

Tangu nirudi, kila anayeingia kibandani kwangu Mwanjelwa, hapa Mbeya, kupimwa suti anaanza na swali moja: lile gari liko wapi? Wengine mnauliza kwa huruma, wengine mnatafuta cha kuchekea, na wawili kati yenu mnataka ushauri kwa kuwa na ninyi mmeanza kutamani vijigari vya zamani. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku nina pini mdomoni. Acha niandike yote mara moja, kwenda na kurudi. Habari za makaratasi na mihuri nitaziruka, hazina utamu wala uchungu. Uchungu uko kwingine na nitaufikia.

Sijawahi kumiliki gari maishani. Wenzangu wa rika langu walianza na magari ya juzijuzi yanayowaka ukiyagusa tu. Mimi nikasema langu la kwanza litakuwa lenye sura. Mnalijua lile dogo la mgongo wa kobe, taa mbili za mviringo, milango miwili, injini nyuma. Fundi cherehani ana ugonjwa wa sura, hilo nakiri. Mjomba wa mke wangu, mwalimu mstaafu wa Kilolo kule Iringa, alikuwa nalo bandani, jekundu, na macho yake yalipoanza kuingia ukungu akasema ni heri liende kwa mtoto wa dada yake kuliko kwa mtu baki. Mke wangu, Mama Lusajo, akatangulia siku tatu kwenda kuongea na wazee wake.

Mimi nikamfuata pamoja na baba yangu. Baba ni mkulima wa ndizi na chai kule milimani juu ya Tukuyu, lakini ujana wake wote alikuwa dereva wa misheni, akiendesha gari la aina hiyohiyo. Kwa gari lile sikuwa na mshauri mwingine wala sikumhitaji.

Sasa ninyi msio Wanyakyusa mnisikilize hapa, maana bila hili hamtaelewa kitu. Kwetu, baba mkwe na mkamwana wake hawatazamani usoni. Hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, hawaitani majina. Mkamwana akimwona mzee anakuja njiani, huchepuka akaingia shambani mpaka apite. Si chuki, ni heshima, tena ndiyo heshima yenyewe. Vijana wengi siku hizi wamelegeza. Baba hakulegeza, na Mama Lusajo, ingawa ni Mhehe, aliishika desturi hiyo siku ya kwanza na hajaiachia miaka kumi na moja. Baba akija kwangu, yeye yuko jikoni, na wanasalimiana kwa kumtuma mtoto. Kwa hiyo mpango ulikuwa mwepesi: Mama Lusajo angerudi kwa basi, mimi na baba tungerudi na gari.

Mbeya hadi Ipogolo

Baba alifika stendi kabla yangu, koti la kanisani mwilini, na kwenye leso amefunga sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Ya kusemea ukweli. Rangi inadanganya, sumaku haijui kudanganya." Panapokuwa na bati, sumaku hunata. Panapokuwa na puti iliyopakwa kuficha kutu, huanguka. Andikeni hilo, ninyi wawili.

Basi likaenda vizuri mpaka Makambako, likaambiwa lina mkanda wa kubadilisha. Nusu saa ikazaa saa mbili. Mimi nikanunua chipsi mayai, baba akakataa, akafungua jani la mgomba akala ndizi zake za kuchemsha na parachichi, akinitazama kama mtu anayetazama ng'ombe akila karatasi. Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa Njombe mwenye viroba vya viazi. Alipoiona ile sumaku inavuta kifuniko cha soda, macho yakamtoka.

"Baba, naomba unipitishie na mimi kwenye goti," akasema. "Lina mwaka linaniuma."

"Hii ni ya gari, mama."

"Hata mimi ni gari tu, baba. Nimechakaa."

Basi zima likacheka, lakini watatu walikuwa wameshajipanga nyuma yake. Baba ni mzee wa kanisa. Alirudisha sumaku mfukoni na hakuitoa tena mpaka Ipogolo, na kila alipoitwa "mganga" na anayepita, aligeukia dirishani.

Njiani ndiko alikonipa somo lake. Alisema gari la zamani halinunuliwi kwa macho, linanunuliwa kwa magoti. Upige magoti, uingie chini, utazame sakafu, kwa sababu maji hukaa huko na kutu hula kimya kimya. Uliwashe likiwa la baridi, maana muuzaji mjanja hulipasha moto kabla hujafika. Usiangalie viti vilivyoshonwa upya; angalia kilichoko chini yake. Nilikubali kila neno. Mtu akiwa anapenda, hukubali kila neno.

Ipogolo hadi Kilolo

Pale Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, tulisubiri gari la kwenda Kilolo lijae, na halikutaka kujaa. Baridi ilikuwa inashuka kutoka juu. Tulipofika ilikuwa inaingia jioni, ukungu umelala kwenye misonobari, na mjomba ametoka na fimbo kutupokea.

"Kamwene! Karibuni ndani, karibuni moto."

Mimi nikaingia. Baba akabaki nje. Mama Lusajo alikuwa ndani anasonga ugali, na nyumba ile jiko na sebule vinatazamana. Mjomba akakaribisha mara ya pili, mara ya tatu, baba anajibu "Nashukuru, nimefika" bila kusogeza mguu. Nikaona uso wa mwenyeji unabadilika.

"Baba yako ametudharau?" akaninong'oneza. "Au nyumba yetu ndogo?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Kwetu nako mkwe anaheshimiwa, lakini siyo mpaka mtu alale na njaa!" Mwishowe akamtafutia suluhu: jiko la mkaa likapelekwa bandani, chakula kikafuata, na baba akala kuku wa kienyeji na majani ya maboga akiwa amekaa kwenye kigoda karibu na gari. Nilipomchungulia, ametandaza kiganja kwenye boneti jekundu. Alikuwa anatabasamu peke yake. Sijamwona na furaha ile tangu mama afariki.

Akaenda kulala kwa jirani, mwinjilisti, na mimi nikalala nikijiona nimefika.

Kilolo, asubuhi ya kuondoka

Baba alianza kazi mapema. Alivua koti, akapiga magoti, akaingia chini na tochi. Sumaku ilinata karibu kila mahali. Ilianguka mara mbili tu, kwenye ukingo wa mlango na chini ya taa ya kushoto, naye akasema hizo ni chunusi, si kidonda. Liliwaka la baridi kwa mara ya pili. Alisikiliza injini akiwa amefumba macho. Alishika breki, akavuta nyaya, akanusa oili. Mjomba alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake, hajasikika hata kupumua, na baba aliposema "Gari limetunzwa," mzee wa watu alipangusa macho.

Kilibaki kiti cha nyuma. Kwenye magari yale betri hukaa humo, chini ya kiti, na inatakiwa iwe na kifuniko chake. Kama kifuniko hakipo, mtu mzito akikaa, springi za kiti zinaweza kugusa vichwa vya betri. Yote hayo baba aliniambia kwenye basi.

Lakini hapo ndipo wanawake walipotoka. Shangazi, mama wadogo, majirani, wakiimba, Mama Lusajo katikati yao na kanga mpya. Wakamfungulia mlango, wakamkalisha nyuma, wakamwekea kuku wawili miguuni. Nikamwita mjomba pembeni, nikamwambia mke wangu anarudi kwa basi. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Gari linatoka kwa mjomba wake linakwenda kwake, halafu yeye apande basi? Watu wa hapa watasema tumeuza gari pamoja na yeye tukamwacha barabarani?"

Baba alikuwa ameshageuka, anatazama misonobari. Nikamfuata.

"Mimi nitashukia Ipogolo, nitapanda basi," akasema. "Nitavumilia kidogo. Siyo mbali."

Nikamwambia naogopa kuendesha peke yangu mpaka Mbeya. Kidogo ilikuwa kweli. Zaidi nilitaka aingie Mbeya amekaa mbele kwenye gari la mwanawe, na mke wangu nyuma, na watu wa Mwanjelwa watuone. Nilitaka sura. Baba akachukua koti lake, akalivaa.

"Basi nitatazama mbele," akasema. "Na kioo ukigeuze. Lakini kuna mahali sijapaona, na sasa siwezi kupaona. Umefunua kiti cha nyuma?"

Mke wangu alikuwa amekaa juu yake. Wanawake walikuwa wanaimba. Kumshusha ilikuwa ni kusimamisha wimbo, kushusha kuku, kumwambia mjomba mbele ya ukoo wake kwamba bado tunamshuku.

"Nimefunua, baba," nikasema. "Kiko sawa."

Hilo sijamwambia mtu hapa Mbeya, nawaambia ninyi leo. Sikufunua kitu.

Kilolo hadi Makambako

Nitasema uongo nikisema sikufurahi. Lile gari lilikuwa linateremka Kilolo likiunguruma, watoto wa shule wanapunga mikono, na baba ananiongoza kwa maneno machache: punguza, gia, acha ipumue. Shingo yake haikugeuka hata nyuzi moja. Kioo cha ndani kilikuwa kinatazama dari. Nyuma yake Mama Lusajo alikuwa amejifunika kanga mpaka puani, hasemi, maana mkamwana hapazi sauti mbele ya mzee. Tulikuwa tumepatana ishara: akitaka kushuka atanigusa begani.

Ipogolo tukapita. Baba hakudai kushuka, na mimi sikumkumbusha.

Mafinga tulisimama kula na ikawa vurugu. Baba aliingia kwanza kwa mama lishe, Mama Lusajo akabaki garini. Baba akamaliza, akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka jengo zima; ndipo Mama Lusajo akaingia kwa mlango wa mbele. Mama lishe akaona haya yote akiwa na mwiko mkononi. Akamfuata baba nje.

"Mzee wangu, msamehe mtoto. Ndoa ni za kwao, sisi wazee tunyamaze."

"Hatujagombana, mama."

"Ndiyo hivyo hivyo mnavyosema wote. Amekukosea nini?"

Baba akamtazama, akanitazama, akasema taratibu, "Hajawahi kunikosea hata siku moja." Mama lishe hakuamini. Alitufungia vitumbua vya bure, akasema vya upatanisho, akataka tuvile pamoja. Tulivila, kila mtu akitazama upande wake.

Kwa hiyo mpaka Makambako tulikuwa tumechelewa sana, lakini moyo wangu ulikuwa juu. Niliona kwamba inawezekana. Nilijiambia hizi mila ni kama koti: ukijua kulipunguza hapa na pale, linakaa.

Igawa hadi Ubaruku

Baba alisema tunyooshe nyumbani. Mimi nikasema tuchepuke Ubaruku, nina rafiki ana mashine ya kukoboa, tuchukue mchele mpya. Mchele Mbeya upo, mnajua. Nilitaka yule rafiki alione gari.

Akaliona. Wakaliona na wakoboaji wote, wakatoka weupe kwa pumba, wakalizunguka. Mmoja akafungua boneti ya mbele akapiga ukelele kwamba injini imeibiwa. Tulicheka mpaka machozi, na hata begani kwa baba niliona kicheko kinapita. Rafiki yangu akaniambia, "Kaka, umepatia!" Hilo neno ndilo nililoliendea.

Gunia la mchele likaingizwa kiti cha nyuma, nyuma yangu. Wakalisimamisha wima, wakalisukuma likakaa. Mama Lusajo akabanwa kati ya gunia na ubavu wa gari, nyuma ya baba, na kuku miguuni. Kumbukeni ni gari la milango miwili: aliyekaa nyuma hatoki mpaka wa mbele ashuke na kiti kikunjwe. Upande wangu gunia lilikuwa limeziba. Njia yake ya kutokea ilikuwa moja, nayo ilipita kwa baba.

Betri ilikuwa chini ya gunia.

Ubaruku kurudi lami

Barabara ile ina vipande vya mashimo, na kila shimo nilisikia gunia likidunda kwenye kiti. Mara nikaguswa begani.

"Subiri Chimala," nikasema. "Choo cha Chimala ni kizuri."

Tukaenda. Nikaguswa tena, kwa nguvu.

"Mama Lusajo, ni hapo tu, jikaze."

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakupiga kelele. Akasema mwanzoni alidhani ni vumbi, halafu akajua si vumbi, akafungua mdomo, sauti ikakataa. Miaka kumi na moja hajapaza sauti mbele ya mzee yule. Koo lilikuwa limejifunza.

Baba ndiye aliyeinua pua. Viti vile vimejazwa makumbi ya nazi, na yanapoungua harufu yake dereva wa zamani haisahau. Nilimwona anashika dashibodi kwa mikono miwili. Bado anatazama mbele.

"Simama," akasema.

"Baba?"

"Simama! Kiti chake kinaungua."

Nilisimama katikati ya barabara, nikaruka nje, nikavuta kiti changu. Gunia. Nikalivuta gunia, halikutikisika. Moshi ulikuwa mweusi na kuku wanalia. Upande wa pili baba alishashuka na kukunja kiti chake. Na hapo nikaona kitu ambacho sitakisahau: amesimama na uso wake ameugeuzia mashamba ya mpunga, mkono mmoja ameunyoosha nyuma, ndani ya gari, anapapasa hewani, ili mkamwana aushike bila yeye kumwona.

Mkono haukushikwa. Mama Lusajo alikuwa amejikunja pembeni anakohoa, na mkono wa baba mkwe ukamfikia usoni, akarudi nyuma. Hata pale, na moto chini yake, alirudi nyuma.

Ulimi wa moto ukatokea kati ya gunia na kiti. Nilipiga kelele sijui nilisema nini. Baba akageuka. Akaingia nusu mwili, akamshika kiunoni kwa mikono yote miwili, akamtoa.

"Toka, mama! Toka, mwanangu, toka!"

Kanga ilibaki ndani. Akamweka chini kwenye ukingo wa mfereji, kichwa wazi, uso wazi, ndala moja. Kisha akarudi kwenye moto, akang'oa waya wa betri kwa mkono mtupu. Watu waliokuwa na trekta wakaja mbio na ndoo, wakatupa tope na maji ya mfereji mpaka kila kitu kikawa tope.

Mama Lusajo alikuwa ameungua nyuma ya goti. Alikuwa analia kwa sauti ambayo sikujua anayo. Baba alikwenda hatua ishirini hivi, akasimama ametupa mgongo, kiganja chake kimekuwa chekundu.

"Mzee," mmoja wa watu wa trekta akamwita kwa hasira, "mtoto wako ameungua, unampa mgongo? Roho gani hiyo?"

Mimi ndiye niliyekuwa na jibu, na nikanyamaza kwa aibu. Nilipomsogelea aliongea bila kugeuka.

"Ulisema umefunua."

"Nilisema, baba."

"Ndaga," akasema. Kwetu ndaga ni asante.

Chimala hadi Mbeya

Chimala tulitawanyika. Baba alipanda basi la kwanza, kiganja amekifunga kwa ile leso, hakuaga. Mama Lusajo alihudumiwa kituo cha afya, dada yake anayeishi Uyole akaja kumchukua. Mimi nilikaa mbele ya lori la mchele lililonivutia gari, na dereva wake alizungumza peke yake mpaka Uyole. Tuliingia mjini mchana kweupe siku iliyofuata. Watu wa Mwanjelwa walituona, kama nilivyotaka.

Gari liko uani kwangu chini ya turubai. Hilo ndilo jibu la swali lenu. Injini ni nzima, bati ni zima, fundi amesema ni kiti na nyaya tu, linaamka wiki moja. Sijamwita arudi.

Na ushauri, ninyi wawili: beba sumaku. Piga magoti. Liwashe likiwa la baridi. Kabla hujatoa chochote, shusha kila mtu, simamisha kila wimbo, funua kiti cha nyuma. Waliokuja kukuaga watakuona mshamba kwa dakika tano, waache wakuone. Na aliyekuja kukushauri usimpeleke mahali ambapo hawezi kugeuka. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshazaliwa.

Mbeya hadi mlimani

Wazee wa ukoo walisema apelekwe ng'ombe wa kuomba radhi. Nikampeleka. Baba alimpokea, akamfunga, akanikaribisha kwenye benchi. Kiganja kilikuwa kimeanza kukauka.

"Mguu wake?"

"Umepona, baba. Kovu limebaki."

Akaitikia kwa kichwa. Tukakaa. Nikamwomba aje nyumbani kama zamani, Mama Lusajo atakuwa jikoni, mtoto atapeleka salamu, hakuna kilichobadilika.

"Kimebadilika," akasema. "Miaka kumi na moja nilimjua mke wako kwa hatua zake, kwa kikohozi chake, kwa chumvi anayotia kwenye mboga. Nilitosheka, sikutaka zaidi. Sasa sura yake nimeiona, Baba Lusajo. Nimeiona mara moja tu, na ilikuwa ya mtu anayekufa. Nikija pale nikasikia hatua zake, nitaiona hiyo."

Nikashuka mlima na kumweleza mke wangu neno kwa neno. Alikuwa anachambua mchele. Aliuacha ungo.

"Rudi ukamwambie," akasema, "mimi nilifumba macho. Tangu mkono wake uliponigusa usoni mpaka aliposimama kule mbali, sikufumbua. Sijamwona. Mwambie heshima yake kwangu iko vilevile, haijaguswa."

Sijawahi kubeba ujumbe ulionifurahisha namna ile. Kesho yake nilipanda mlima karibu mbio. Nilimkuta shambani, anapogoa migomba, na nikamwambia nikiwa bado nahema, kwamba alifumba macho, kwamba hakumwona, kwamba heshima iko.

Baba aliweka panga chini. Aliniomba nirudie, nikarudia. Akavua kofia.

"Basi aliyevunja ni mimi peke yangu," akasema.

Nikamwambia hapana, baba, ni mimi. Hakunibishia.